Kabati la kujengea ukutani: pima vyombo vyako kabla fundi hajapima ukuta

Wateja wanaofika karakanani kwangu, Isevya hapa Tabora mjini, siku hizi hawaji na vipimo, wanakuja na picha. Simu inatolewa, kioo kinafutwa kwa ncha ya kanga, naonyeshwa jiko jeupe la watu wa mbali: hakuna sufuria, hakuna ndoo, hakuna hata mwiko. "Fundi, nataka hivihivi." Nami humuuliza, "Mama, mchele wa nyumbani kwako unakaa kwenye nini?" Akisema gunia, ile picha tumeshaiacha nusu, maana katika jiko lile lote hakuna pahali gunia la kilo 100 linaweza kusimama.

Kabati la kujengea linalipiwa zaidi kwa sababu linatengenezwa kwa ajili ya vitu vya nyumba moja. Ukimwacha fundi apime ukuta peke yake, utapata sanduku refu lenye milango, limegawanywa sawasawa kama kabati la dukani, na sufuria kubwa zitaendelea kukaa chini ya meza. Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya fundi, ni yako, na haihitaji randa wala keekee.

Toa kila kitu nje, ukipange kwenye mkeka. Unavyotumia kila siku weka pamoja, vya wageni peke yake, vya shughuli kubwa peke yake. Kisha chukua futi kamba. Pima sufuria kubwa kuliko zote pamoja na masikio yake na mfuniko ukiwa juu, si mdomo wake tu. Pima urefu wa dumu, wa chupa ya chai, wa kinu kama unacho, upana wa kibao cha chapati na wa sinia. Andika kwenye karatasi na umpe fundi akiwa bado hajachora. Fundi akikuambia hahitaji karatasi hiyo, tafuta mwingine. Huyo anataka kukuuzia mchoro aliokwisha kumchorea jirani yako.

Jikoni

Vipimo vya kawaida fundi yeyote anavijua: kaunta kimo cha sentimita 90, kina cha sentimita 60, kabati za juu kina cha sentimita 30 hadi 35, na nafasi ya sentimita 50 au 60 kati ya kaunta na kabati la juu. Chini unaacha uwazi wa kuingiza vidole vya miguu, kimo cha sentimita 10 na kina cha 7 au 8. Bila uwazi huo utasimama umeinama mbele kila unapokata mboga, na mgongo utakudai jioni.

Lakini hiyo 90 isikufunge. Anayepika asimame amevaa ndala zake za jikoni, akunje mkono kama anayebeba trei, mpime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo kaunta ya kukatia inapotakiwa kuwa. Kwa mama mfupi inaweza kuwa 82, na kaunta ya 82 si kosa hata kidogo.

Sasa pale penye jiko la gesi. Picha nyingi za simuni zina kaunta iliyonyooka moja kwa moja, jiko juu yake, na wapishi wao wanakaanga yai. Sisi tunasonga ugali. Sufuria ya ugali wa watu wanane ikiwa juu ya jiko, jiko likiwa juu ya kaunta ya 90, mpishi anasonga mikono ikiwa kimo cha kifua, na nguvu ya ugali inatakiwa itoke juu kwenda chini. Mwambie fundi ashushe kaunta pale jiko linapokaa kwa sentimita 15 au 20. Pimeni hivi: weka jiko juu ya kiti au matofali, teleka sufuria, shika mwiko, songa kwa kuigiza. Ongeza au punguza matofali hadi bega litulie. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye miguu ya jiko. Hicho ndicho kimo. Wateja hucheka nikiwaambia waigize kusonga ugali mtupu, ila wakishajengewa hutuma dada zao.

Kabati za chini ziwe droo, si milango. Hili nalisema kwa kila mtu na bado nusu wanabisha kwa sababu ya bei. Kabati la chini lenye mlango na shelfu moja linakutaka upige magoti, utoe sufuria tatu za mbele ili uifikie ya nyuma. Droo yenye kimo cha ndani cha sentimita 25 hadi 30 unaivuta, unaziona zote kutoka juu. Kama pesa haitoshi kuweka droo kote, weka kwenye sehemu mbili tu: jirani na jiko kwa sufuria, na chini ya kaunta ya kukatia kwa visu, miiko na mabakuli. Kwingine weka milango.

Droo yenyewe inabebwa na reli, na hapo ndipo watu hupigwa. Zipo reli za gurudumu dogo la plastiki na zipo za gololi za chuma. Kwa sufuria na sahani za udongo dai za gololi, zinazotoka hadi mwisho, zilizoandikwa zinabeba kilo 35 au zaidi. Nyingi ya reli hizi hula milimita 12.5 kila upande, kwa hiyo sanduku la droo linatakiwa liwe jembamba kuliko uwazi wake kwa milimita 25. Fundi asiyenunua reli kwanza ndipo akate sanduku, utamwona baadaye anapiga randa ubavuni mwa droo au anachomeka vipande vya kadibodi nyuma ya reli. Nunua reli na bawaba mwanzoni, mkabidhi, ndipo mbao zikatwe.

Bawaba nazo: chukua zile za kujificha, zinazokaa kwenye shimo la milimita 35, zenye skrubu za kurekebisha mlango juu, chini na pembeni. Milango hushuka kwa muda; ukiwa na bawaba za aina hii unaweza kuinyoosha mwenyewe kwa bisbisi. Zinazofunga taratibu bila kubamiza ni nzuri penye watoto. Mimi ningeanza nazo kwenye milango inayofunguliwa kila saa, si ile ya juu ya kuhifadhia sahani za Idi na Krismasi.

Mtungi wa gesi usiufungie ndani ya kabati lisilopumua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kutuama chini. Matundu ya kupitishia hewa yawe chini kabisa ya kabati, usawa wa sakafu, yakitazama nje ikiwezekana. Matundu ya juu pekee hayasaidii. Kilicho bora ni mtungi ukae nje ya ukuta kwenye kijumba chake chenye wavu, mpira upitishwe kwenye bomba lililopita ukutani, na koki uifikie bila kupiga magoti. Pima mtungi ulio nao, wa kilo 6 au 15, pamoja na kichwa chake, na uache nafasi ya kuutoa ukiwa umesimama wima.

Chini ya sinki hakuna mjadala: bodi za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, zisikae hapo. Zikinyweshwa maji pembezoni zinavimba na hazirudi tena. Tumia mbao ngumu au plaiwudi ya kuhimili maji, kingo zote zipakwe rangi hata zile zisizoonekana, na nyuma paachwe wazi ili fundi bomba aingize mkono bila kung'oa kabati. Koki kuu ya maji isizibwe. Vilevile mita ya LUKU kama iko ndani: wapo wanaoimeza ndani ya kabati la ukutani kisha kila wakitaka kuingiza tarakimu wanatoa sahani. Swichi na soketi zihamishwe na fundi umeme kabla kabati halijafungwa.

Stoo ndogo ya ndani

Watu wa mijini mikubwa hununua chakula cha wiki. Nyumba ya Tabora baada ya mavuno inapokea magunia kutoka kijijini, karanga, matobolwa ya shangazi (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na dumu la asali kutoka Sikonge, na vyote vinataka pahali. Hapa ndipo kabati la kujengea linapomsaidia mtu kuliko popote, na ndipo picha za simuni zisipokuwa na lolote la kutuambia.

Kama una kona ya upana wa mita moja kati ya jiko na korido, ifanye kabati refu kutoka chini hadi dari. Sehemu ya chini isiwe na shelfu kabisa: weka chaga ya mbao yenye kimo cha sentimita 10 juu ya sakafu, gunia likae hapo hewa ikipita chini yake, na uwazi wa juu uwe wa kutosha kufungua mdomo wa gunia na kuingiza sado. Juu ya hapo ndoo zenye mifuniko. Juu zaidi, vitu vyepesi.

Asali watu huidharau uzito. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, hivyo dumu la lita 20 linafika kilo 28. Likiwekwa katikati ya shelfu ya bodi ya milimita 18 yenye urefu wa mita moja, shelfu itapinda tumbo kabla msimu mwingine haujafika. Kwa bodi hiyo usizidishe sentimita 60 kati ya nguzo na nguzo penye mzigo, na gundisha ubao wa upana wa sentimita 4 chini ya ukingo wa mbele. Dumu lenyewe likae chini ya kimo cha kiuno.

Milango ya stoo hii iwe ya kupumua. Unaweza kuifanya ya vipande vya mbao vilivyolala mshazari, au fremu yenye wavu mdogo wa chuma. Wavu wa nailoni panya anautafuna usiku mmoja. Kila tundu la bomba linalopita ukutani nyuma ya kabati lizibwe kwa saruji.

Vyumbani

Huku maelezo ni mafupi. Kina cha kabati la nguo ni sentimita 60 kwa ndani, vinginevyo henga zitagusa mlango. Kanzu na magauni marefu yanataka uwazi wa sentimita 150 hadi 160 chini ya bomba la kutundikia, na mashati yanatosheka na 100; ukiweka mabomba mawili, moja juu ya jingine, upande wa mashati, unapata nafasi mara mbili kwenye ukuta uleule. Kanga na vitenge havitundikwi, vinakunjwa, na vikirundikwa kwenye shelfu ndefu ya juu kila ukivuta cha chini vyote vinaporomoka. Weka shelfu nyingi za kimo cha sentimita 20 hadi 25, au droo zenye kimo kidogo.

Kabati lifike darini. Sehemu ya juu ni ya masanduku, mablanketi ya Juni na vyandarua vya akiba, na inakuondolea ule mstari wa vumbi ambalo hapa Tabora, ikifika Septemba, linaingia hata penye madirisha yaliyofungwa.

Mbao, bodi, na mchwa

Tuko kwenye nchi ya miyombo, kwa hiyo mninga hatuuagizi mbali, na mkurungu upo pia. Mninga ndio ninaoupenda kuliko yote kwa fremu na nyuso za milango. Kiini chake kinastahimili mchwa, na ukishakauka hauchezi sana, yaani haupanuki wala kusinyaa kwa fujo. Lakini kiini, si ile sehemu nyeupe ya nje karibu na gome. Nyeupe hiyo bungua wanaitoboa na kuacha unga mlaini chini ya kabati. Kagua kila ubao; wapo mafundi wanaogeuza upande mweupe utazame ukutani.

Uliza hati pia. Mbao za miti ya asili zinazovunwa kihalali hupita mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu: zina alama iliyogongwa kwa nyundo na kibali cha kusafirishia. Mbao za bei ya chini mno zinazoletwa usiku zinaweza kukamatwa zikiwa karakanani, na hapo malipo yako ya awali yamekwenda nazo.

Ukavu ndio shughuli. Kiangazi cha huku ni kirefu na hewa yake inakausha hata midomo. Ubao ulionunuliwa mbichi Machi ukafungwa kuwa mlango Aprili, kufika Septemba umepasuka au umejikunja. Kuna kipimo rahisi: chukua kipande kimoja, kipime kwenye mzani wa dukani, andika uzito juu yake kwa kalamu. Kiache kivulini pamoja na wenzake, vimepangwa vijiti kati ya ubao na ubao, kisha kipime tena baada ya wiki mbili. Kama kimepungua, mbao bado zina maji, subiri. Rudia hadi uzito usimame.

Hata mbao kavu husinyaa kidogo kwa upana, ingawa kwa urefu karibu hazibadiliki. Kwa hiyo mlango wa mninga hautengenezwi kwa kuunganisha mbao pana na kuzipigilia. Unatengeneza fremu ya vipande vinne, unachimba mfereji ndani yake, na ubao wa katikati unauchomeka kwenye mfereji bila gundi wala msumari, ukiacha milimita 3 kila upande ili ucheze. Tena upake vanishi ubao huo kabla hujaufunga kwenye fremu. Ukipaka baada ya kufunga, kiangazi kikija utasinyaa na kuonyesha mstari mweupe usio na vanishi pembeni. Ukitaka kumjua fundi, sukuma ubao wa katikati kwa vidole: ukisogea unywele mmoja, anajua kazi. Ukiwa umegandishwa kabisa, muulize sababu.

Kwa mwili wa kabati, ule usioonekana, bodi inatosha na inapunguza gharama. Plaiwudi inashika skrubu vizuri kuliko MDF, hasa pembeni. MDF ninaipendekeza kwa milango ya kupaka rangi sehemu kavu, kwa sababu inanyooka na haina mabaka. Kingo zake zote zifunikwe kwa utepe au zipakwe rangi mara mbili.

Mchwa anakula bodi hizo zote isipokuwa akizuiwa. Hapa kwetu nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, na za zamani zimejengwa kwa udongo badala ya saruji. Mchwa hupanda ndani ya kiungo cha udongo na kutokea nyuma ya kabati bila kuonekana. Kabla ya kufunga chochote, gonga lipu kwa kifundo cha kidole na utafute penye mlio mtupu. Piga dawa ya mchwa kwenye maungio ya sakafu na ukuta, mtu avae barakoa na glavu, na chakula kitolewe kwanza. Mgongo wa kabati upakwe rangi na uachane na ukuta kwa sentimita 2. Miguu iwe ya plastiki au chuma inayorekebishika, na ubao unaofunika ule uwazi wa vidole vya miguu ushikiliwe kwa klipu ili uuvute mara moja kwa mwezi, umulike kwa tochi na uone kama kuna njia ya udongo inapanda.

Ukuta wa udongo haushiki skrubu. Kabati za juu zikijaa sahani zinavuta sana, kwa hiyo funga kwanza ubao mrefu wa mninga kwa bolti ndefu zilizopenya hadi upande wa pili wa ukuta, ndipo kabati zining'inie kwenye ubao huo.

Thamani ya nyumba, na makubaliano

Watu huniuliza kama pesa hii itarudi nyumba ikiuzwa. Jibu langu linategemea chumba. Kabati la nguo katika kila chumba na jiko lenye droo vinasaidia, hasa kwa nyumba ya kupanga, maana mtumishi anayehamishiwa Tabora hushuka na mabegi na godoro, si na makabati. Rangi ya kipekee, umbo la duara na taa za rangi ndani ya kabati la sebuleni ni furaha yako wewe. Mnunuzi anaweza kuzihesabu kama kazi ya kubomoa. Penye mashaka acha mbao na vanishi isiyong'aa sana.

Jambo ambalo wapangaji hawalijui: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu majengo na miundo mingine iliyounganishwa na ardhi kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Ukijenga kabati ndani ya nyumba ya kupanga na kulifunga ukutani, usitegemee kuondoka nalo kwa maneno tu. Mwandikiane na mwenye nyumba kabla, ama atakata kodi, ama utalifungua na kuziba matundu. Mwenye nyumba anayeuza naye aandike kwenye mkataba kabati zipi zinabaki.

Na fundi, hata awe mimi, muandikiane: mchoro wenye vipimo, aina ya mbao na bodi kwa majina, aina ya reli na bawaba, tarehe, na malipo kwa mafungu. Fungu la kwanza linunue vifaa, na ikiwezekana mwende dukani pamoja mchukue risiti. Fungu la mwisho lisitoke mkononi mpaka umekagua.

Siku ya kukagua njoo na mzigo. Jaza droo ya chini kwa sufuria zako zote, ivute hadi mwisho, uiachie, isilale upande. Fungua milango miwili ya jirani kwa pamoja uone kama inagongana, au kama droo inagonga mkono wa mlango wa jiko. Weka pima maji juu ya kaunta, kwa urefu na kwa upana. Pitisha kiganja chini ya kila shelfu kutafuta msumari uliochomoza na ukingo usiopigwa msasa. Tazama nyuma ya droo ukitumia tochi ya simu. Kisha mwombe fundi akuachie bawaba mbili za akiba, kopo lililobaki la vanishi na kipande cha bodi ileile, uvihifadhi juu ya kabati la chumbani.